Kilo Zinazovuta na Kilo Zinazokandamiza

Dereva anayefanya safari za Ukunda na Msambweni anaweza kumaliza mwezi mzima bila kukutana na mlima. Barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga imelala sambamba na bahari, na kwa sehemu kubwa kinachoinuka njiani ni matuta tu. Lakini ofisi za kaunti ziko Kwale mjini, juu ya Shimba Hills, karibu mita 400 kutoka usawa wa bahari, na ukikata kona pale Kombani barabara inabadilisha lugha. Gari lililokwenda wiki nzima bila lalamiko linaanza kunguruma, gia iliyotosha kule chini haitoshi tena, na abiria wanahisi migongo ikizama vitini. Watu husema gari limekuwa zito. Halikuongezeka hata kilo moja: uzito uliotoka Ukunda ndio huohuo unaopita Golini. Kilichobadilika ni mgawanyo wake. Sehemu ya uzito imeacha kuikandamiza barabara na imeanza kulivuta gari lirudi lilikotoka. Ninamshauri kila mwenye gari, awe wa Probox, wa matatu au wa Canter ya mchanga, ajifunze kuipima sehemu hiyo inayovuta, kwa maana ndiyo inayoamua kama breki zitatosha, kama kamba itakatika na kama jiwe lililowekwa nyuma ya gurudumu ni jiwe au ni mapambo. Hesabu inayohitajika tulifundishwa kidato cha pili, na wengi tuliiacha darasani tukidhani kazi yake ni kujibu mtihani.

Chora pembetatu. Upande ulioinama ndio barabara, upande wa chini ni mstari bapa, na upande wa tatu ni wima, yaani kimo ambacho gari limepanda. Ukigawanya kimo hicho kwa urefu wa barabara yenyewe unapata sini ya pembe ya mteremko. Ukigawanya mstari bapa kwa urefu huohuo unapata kosini. Zidisha uzito wa gari kwa sini, umepata nguvu inayolivuta kuteremka. Zidisha kwa kosini, umepata nguvu inayoikandamiza barabara. Hayo tu. Mwalimu wa fizikia atanikumbusha kwamba nguvu hupimwa kwa niutoni, si kwa kilo, naye ana haki; anayezitaka niutoni azidishe kilo kwa 9.8. Mimi nitabaki na kilo, kwa sababu ndizo zinazosomwa kwenye mizani ya samaki, na ndizo mikono yetu inazozielewa.

Pembe yenyewe haihitaji chombo cha mhandisi. Fundi yeyote wa ujenzi Diani ana pimamaji. Tafuta ubao ulionyooka wa urefu wa mita moja, uweke barabarani uelekee juu mlimani, kisha inua ncha ya upande wa chini mpaka kiputo cha pimamaji kitulie katikati. Sasa pima nafasi iliyopo kati ya ncha hiyo na barabara. Ikiwa ni sentimita 8, mteremko ni asilimia 8. Barabara ina mabonde madogomadogo yanayoweza kukudanganya, kwa hiyo pima mahali patatu na uchukue wastani. Simu nyingi za kisasa nazo zina pimamaji ndani yake. Zitakupa jibu kwa digrii, na hapo jihadhari, maana digrii 10 na asilimia 10 ni vitu viwili mbali kabisa. Mteremko wa asilimia 10 una digrii 5.7 tu. Digrii 10 ni karibu asilimia 18. Jicho la binadamu linatia chumvi kwenye milima. Mtu atakuapia kwamba kilima fulani kina digrii 30, na ukikipima hakifiki hata 10.

Kuna jambo linaloifanya hesabu hii iwe nyepesi kuliko ilivyoonekana ubaoni. Ubao na pimamaji vinakupa tanjenti, yaani kimo gawanya kwa mstari bapa, na wala si sini. Lakini katika miteremko ambayo magari hupita, tofauti kati ya sini na tanjenti haionekani. Kwa asilimia 10, sini ni 0.0995. Kwa asilimia 20, ambao tayari ni mteremko wa kutisha, sini ni 0.196. Hata ukifika asilimia 30, ukitumia 0.30 badala ya 0.287 utakuwa umekosea kwa sehemu chache tu za mia, tena umekosea kwa kujipa tahadhari zaidi. Kwa hiyo asilimia ya mteremko ndiyo asilimia ya uzito inayovuta. Matatu ya tani 3 pamoja na abiria, kwenye asilimia 8, inavutwa kurudi chini na kilo 240. Canter ya jumla ya tani 7 mahali hapohapo inavutwa na kilo 560. Kosini nayo, kwa asilimia 8, ni 0.997, maana yake barabara inaendelea kukandamizwa na karibu uzito wote. Tazama hapo: barabara haijapungukiwa na kitu cha kusema, ilhali mvuto umetoka sifuri ukafika zaidi ya nusu tani. Ndiyo maana macho hayaoni hatari. Gari limekaa vilevile, tairi zimekaa vilevile, na nguvu mpya imeingia kimyakimya.

Sasa nifike kwenye pingamizi linalorudiwa sana na madereva wa mizigo, nalo si la kupuuzwa kwa sababu nusu yake ni kweli. Wanasema gari lenye mzigo hukaa barabarani, linashika, ilhali tupu linarukaruka. Basi mzigo ni usalama. Tulipime. Gari huteleza pale nguvu inayovuta inapozidi msuguano wa tairi, na msuguano huo ni kiasi fulani cha uzito unaokandamiza. Lami kavu hutoa takriban sehemu 7 kwa 10 za uzito huo. Udongo wa mfinyanzi uliolowa masika unaweza kutoa sehemu 2 kwa 10 tu. Uzito umo pande zote mbili za mlinganyo, kwa hiyo unajifuta, na kinachobaki ni mteremko na hali ya barabara. Udongo wa sehemu 2 kwa 10 utalishika gari mpaka asilimia 20, liwe tupu au limejaa. Kwa hesabu hii mzigo hauongezi hatari ya kuteleza, na hapo dereva wa mizigo anasema kweli.

Lakini tairi si kitu pekee kinacholizuia gari. Nyuma ya tairi kuna chuma. Kuna pedi za breki, kuna ngoma, kuna mafuta ya breki, kuna waya wa handibreki, kuna klachi, na siku ya kukwama kuna kamba. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokua pale unapoongeza mzigo. Msuguano wa tairi hupanda pamoja na kilo. Waya wa handibreki unabaki unene uleule uliotoka nao kiwandani. Gari la tani 7 likipakiwa likafika tani 10, kwenye asilimia 8 mvuto unatoka kilo 560 hadi 800, na zile kilo 240 za ziada zinabebwa na pedi zilezile. Barabara haijali umepakia kiasi gani. Chuma kinajali. Hapo ndipo ulipo ubishi wote kuhusu kupakia kupita kiasi katika nchi yenye vilima, na ndipo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti mizigo inapotuachia kazi yetu. Sheria hiyo inaweka tani 56 kuwa ukomo wa lori kubwa kabisa na kugawa kiasi cha kila ekseli, na lengo lake kubwa ni kuilinda lami isipasuke. Mizani ya Mariakani haiujui mlima unaokwenda kuushuka. Lori linaweza kuwa halali mizanini na bado likawa zito kuliko breki zake zilivyo siku hiyo.

Kushuka ndiko kunakohitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu wakati wa kupanda injini ikishindwa itazima na kukupa habari, lakini breki zikishindwa hazitoi taarifa mapema. Chukua Canter yetu ya tani 7 inayotoka Kwale, na tuseme mpaka inafika chini imeshuka mita 300 za wima. Urefu wa barabara na idadi ya kona havibadilishi kitu. Joto litakalozaliwa linategemea uzito na kimo. Kama kazi yote ingeachiwa breki, joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya madumu matatu ya maji, yale ya lita 20, tangu maji ya bombani mpaka yatokote. Fikiria madumu matatu yanayotokota, kisha fikiria joto hilo limekusanywa ndani ya vipande vichache vya chuma vyenye ukubwa wa sahani. Msuguano wa tairi na upepo vitachukua sehemu, labda moja kwa nane katika mteremko wa asilimia 8. Iliyobaki ni lazima iende mahali. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu, na hewa yetu ya pwani haina uchache wa unyevu. Yale yaliyoandikwa DOT 3 kwenye chupa, yakiwa mapya, yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za selsiasi; yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinashuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga pedali inakwenda mpaka sakafuni, na anaamini breki "zimefeli ghafla". Zilianza kufeli tangu kona ya kwanza.

Ushauri unaotoka hapo ni wa zamani: shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda. Hesabu inaeleza kwa nini. Mvuto wa kilo 560 ni uleule ukipanda na ukishuka, kwa hiyo gia yenye nguvu ya kuushinda ukienda juu ndiyo yenye uwezo wa kuuzuia ukienda chini, na joto linaingia kwenye injini ambayo ina maji na feni za kulitoa. Iingize gia hiyo kabla ya mteremko kuanza, gari likiwa bado linakutii. Kwa gari la otomatiki teremsha wenzo kutoka D hadi 2 au L. Na mwendo una hesabu yake: kiasi cha joto hakibadiliki, lakini ukishuka kwa kilomita 30 kwa saa badala ya 60, unazipa breki muda maradufu wa kupoa. Wapo wanaofanya kinyume, wakaweka nyutro na kuliachia gari wakitaka kuokoa mafuta. Katika injini za kabureta hoja hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli. Katika injini za kisasa za sindano haina, kwani gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa. Ni kwenye nyutro ndipo injini inapoendelea kunywa ili isizime. Anayeshuka na nyutro analipa petroli ili aondolewe breki yake iliyo bora kuliko zote.

Mwingine atasema: nimeendesha miaka 20, naujua mlima huu kwa miguu yangu, sina haja ya ubao wala pimamaji. Nauheshimu uzoefu, na sidhani kuna hesabu inayoweza kukaa mahali pa mguu uliozoea. Lakini uzoefu ni kumbukumbu ya mizigo iliyopita. Mguu unajua jinsi gari lilivyoshuka na machungwa. Leo limepakiwa saruji, na kilo hazionekani kwa kimo cha mzigo. Mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 haijai hata nusu ya bodi ya Canter, nayo ni tani 2. Makuti yanayofika mawinguni hayafiki robo ya hiyo. Mguu hautambui tofauti mpaka umeshaanza kuteremka, ilhali kuzidisha kunafanyika gari likiwa bado linapakiwa. Naona pia kwamba dereva wa uwandani, anayeshinda kati ya Ukunda na Msambweni, ana hatari ya namna yake: breki zake hazijawahi kuulizwa swali gumu, na swali la kwanza wataulizwa pamoja, yeye na breki zake, siku atakapokodiwa kupeleka watu Kwale.

Hesabu hiyohiyo inasaidia gari likiwa limesimama. Mtu mmoja mwenye afya, akiwa na pa kukita miguu, anaweza kusukuma kwa kilo 30 au 40 mfululizo. Probox tupu ya kilo 1,100 kwenye asilimia 10 inavuta kilo 110, kwa hiyo watu wanne wanaitosha kwa shida. Matatu ya tani 3 mahali hapo inavuta 300, na watu watatu wanaojitokeza nyuma kuizuia wanajiweka mahali pa kufa. Abiria washuke kwanza: watu 14 wa kilo 70 ni karibu tani nzima, na kushuka kwao kunapunguza mvuto kwa karibu kilo 100. Ukifunga kamba kumvuta mwenzako aliyekwama barabara ya udongo, ongeza kilo 10 hadi 30 kwa kila 100 za uzito kwa ajili ya ulaini wa udongo, kisha chukua kamba yenye uwezo wa mara tatu ya jibu, kwa sababu mshtuko wa kuanza unazidi mvuto wenyewe. Na vuta kwa mstari ulionyooka. Kamba ikienda upande kwa digrii 30, kosini yake ni 0.87 na umepoteza kidogo. Ikienda kwa digrii 60 kosini ni nusu, basi kamba inabeba mara mbili ya kile gari linachohitaji.

Handibreki inahitaji kutazamwa peke yake. Katika magari mengi inashika magurudumu mawili tu, tena ya nyuma. Gari likielekea chini mlimani, uzito unaegemea mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, hasa kama gari ni tupu. Ndiyo sababu kwenye udongo uliolowa gari lililofungwa handibreki linaweza kuteleza huku magurudumu yake ya nyuma hayazunguki. Liegeshe likitazama juu ukiweza, ingiza gia, kata usukani ili gurudumu likiponyoka liishie kwenye ukingo wa barabara, na weka kabari. Hatari kubwa ni wakati wa kubadilisha tairi. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, ukiinua moja la nyuma kwa jeki, gia uliyoiingiza haishiki tena kitu, kwani difu inaliacha lile lililo hewani lizunguke ovyo. Handibreki nayo imebakiwa na gurudumu moja linalogusa chini. Zile kilo 240 za matatu iliyojaa kwenye asilimia 8 sasa zinaisukuma jeki kwa ubavu, na jeki haikutengenezwa kusukumwa kwa ubavu. Taniboi asiingie chini ya gari hilo kabla ya kabari kukazwa kwenye magurudumu ya upande mwingine. Bora zaidi, lisogezwe polepole mpaka mahali bapa hata kama tairi iliyopasuka itaharibika.

Kuhusu kivuko cha Likoni nitasema kwa uangalifu. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka feri ya MV Harambee katikati ya mkondo, mama na bintiye wakafa, na gari likaopolewa Oktoba 11 kutoka kina cha karibu mita 58. Huzuni ile si zoezi la darasani, na sisemi kwamba sini ingewaokoa. Ninachosema ni kwamba mwenye gari anayepanda feri leo anaegesha juu ya chuma kinachoyumba, mara nyingi kimelowa, na pengine mahali panapoinama kuelekea majini. Digrii 2 za kuyumba zinaongeza asilimia 3.5, kwa gari la tani moja na nusu hizo ni kilo 52 zilizotokea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Zima injini, ingiza gia, kaza handibreki, na dai kabari. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, feri hutia gati chini zaidi na gari hupanda kipande kirefu cha saruji iliyolowa. Muache aliye mbele afike juu kabisa kabla hujaanza, kwa maana asipomudu klachi yake, kilo zake zitakuja kwako.

Imebaki ya mwisho, kwa yule asiyejua gari lake lina uzito gani na yuko mbali na mizani ya magari. Mteremko unaweza kuifanya kazi ya mizani kwa kuigeuza hesabu yetu. Tafuta mteremko laini wa lami, wa asilimia 5, na mizani ya ndoano ya kilo 200 kama ile wanayopimia samaki wakubwa bandarini. Fungia mizani kati ya kamba na gari dogo, dereva akae ndani na mguu juu ya breki, mtu mwingine afuate gurudumu kwa kabari, na asiwepo mtu upande wa chini. Livute taratibu kwenda juu usome mizani, kisha liachie taratibu lirudi usome tena. Tuseme ya kupanda ni kilo 78 na ya kushuka ni 42. Usomaji wa kwanza umechanganyika na ukinzani wa tairi, na wa pili umepunguzwa na ukinzani huohuo, kwa hiyo wastani wake, kilo 60, ni mvuto mtupu wa mlima. Gawanya 60 kwa 0.05: kilo 1,200, pamoja na dereva. Yote yanasimama juu ya upimaji wa mteremko, kwa kuwa ukisoma 6 pale palipo na 5 utakuwa umepoteza kilo 200. Tumia ubao wa mita mbili, pima pale magurudumu yanapopita, na gawanya sentimita kwa 2. Ukishapata jibu, toa uzito wa dereva, kisha uandike ndani ya mlango pamoja na uzito wa mzigo ulioruhusiwa na kiwanda, mahali ambapo anayepakia ataweza kuusoma kabla hajafunga turubai.